Hisa rahisi, hisa ghali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu vizidisho vya thamani

Maswali haya yametoka kwa watu wa hapa Mombasa: wafanyakazi wa bandarini, walimu, wauza leso wa Biashara Street, na mabaharia walio likizoni wenye akiba ya dola na hamu ya kuipeleka mahali. Wengi wao tayari wana hisa chache. Wanachotaka kujua ni namna ya kupima kama bei wanayoombwa inastahili.

Kizidisho cha thamani ni kitu gani hasa?

Ni hesabu inayokwambia unalipa shilingi ngapi kwa kila shilingi moja ambayo kampuni inaingiza au inamiliki. Kinachotumika zaidi ni uwiano wa bei na faida, ule ambao kwenye majedwali ya madalali utauona umeandikwa P/E. Chukua bei ya hisa moja, igawanye kwa faida ambayo hisa hiyo ilipata kwa mwaka mzima. Hisa ya shilingi 30 iliyopata faida ya shilingi 5 ina kizidisho cha 6. Ukipenda useme hivi: faida ikibaki pale pale, itachukua miaka sita kulingana na pesa uliyotoa.

Watu wa mji huu wanaijua hesabu hii hata kama hawajawahi kugusa hisa. Mtu akitangaziwa nyumba ya kupangisha kule Kisauni kwa milioni 6, yenye pango la 50,000 kwa mwezi, hugawanya papo hapo: 600,000 kwa mwaka, kumbe ni miaka kumi. Akisikia kuna nyingine yenye pango lile lile inauzwa milioni 3, hakimbilii kutoa pesa. Anauliza kwanza: ardhi ni ya nani? Mombasa imejaa nyumba bila ardhi, ambapo mwenye nyumba humlipa ijara mwenye kiwanja, na siku mwenye kiwanja akikitaka kiwanja chake ndipo utajua kwa nini ilikuwa nusu bei. Kununua hisa kwa vizidisho ni kazi hiyo hiyo. Unatafuta bei ndogo, kisha unauliza ardhi ni ya nani.

Kikiwa kingapi ndipo hisa iitwe rahisi?

Hakuna nambari ya kudumu, na anayekupa moja bila kuuliza riba ya serikali ni ngapi anabahatisha. Benjamin Graham, Mmarekani ambaye wawekezaji wa mtindo huu humhesabu kuwa mwalimu wao, aliweka kipimo kwa mwekezaji mwangalifu: usilipe zaidi ya mara 15 ya faida, wala zaidi ya mara moja na nusu ya thamani ya mali iliyo vitabuni (mali zote ukitoa madeni). Kama hisa imezidi upande mmoja lakini iko chini sana upande wa pili, zidisha vizidisho viwili hivyo na uangalie kama jibu limepita 22.5. Ni kipimo kizuri, lakini kilitungwa kwa Marekani na riba zake.

Kwetu mshindani mkubwa wa hisa ni Hazina ya serikali. Geuza kizidisho kichwa chini: hisa yenye kizidisho cha 10 inazalisha faida ya asilimia 10 ya bei yake. Ya 15 inazalisha chini kidogo ya asilimia 7. Sasa kumbuka mwaka 2024, wakati hati za Hazina za siku 364, yaani mkopo wa mwaka mmoja unaoipa serikali, zilipokuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16, na bondi ya miundombinu ya Februari mwaka ule ikalipa zaidi ya asilimia 18 bila kodi. Nani angenunua hisa ya asilimia 7, yenye hatari zake zote, hali serikali inampa 18? Ndiyo maana soko zima la Nairobi lilikuwa na vizidisho vidogo. Riba zilipoanza kuteremka, na hati za siku 91 zikawa chini ya asilimia 10 mwaka 2025, bei za hisa zilipanda hata kwa kampuni ambazo faida yake haikubadilika sana. Kabla ya kusema hisa ni rahisi, tazama kwanza matokeo ya mnada wa hati za Hazina wa Benki Kuu wa wiki hiyo.

Si wanasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza? Kwa nini ninunue kile ambacho hakuna anayekitaka?

Kwa sababu sokoni kizuri hujiuza kwa bei ambayo wakati mwingine haina maana. Mfano ambao kila Mkenya anaukumbuka ni Safaricom. Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021 ilipata faida ya takriban shilingi 1.71 kwa hisa. Miezi michache baadaye, Agosti 2021, hisa ilikaribia shilingi 45, yaani mara 26 ya faida. Hakukuwa na haja ya kuitangaza. Kila mtu aliitaka. Katika miezi ya mwisho ya 2023 ilishuka hadi karibu shilingi 12. Faida yake? Kwa mwaka ulioishia Machi 2023, karibu shilingi 1.55 kwa hisa, baada ya kuhesabu mzigo wa kuanzisha huduma Ethiopia.

Itazame vizuri hesabu hiyo. Faida ilipungua kama asilimia 9. Bei ilianguka zaidi ya asilimia 70. Kilichoanguka ni kizidisho, kutoka 26 hadi chini ya 8. Aliyenunua kwa 45 hakukosea kuhusu ubora wa kampuni. Alilipia matumaini mengi mno. Na aliyenunua kwa 12, watu wakiwa wameikatia tamaa, aliona 2025 hisa ikipita shilingi 25 huku faida ikiwa imerudi tu karibu na ilipokuwa, shilingi 1.74.

Kuna watu wanaodhani bei ya hisa ni kivuli cha faida. Kwa miaka ishirini, huenda. Kwa miaka miwili au mitatu, kinachokutajirisha au kukufilisi ni kizidisho.

Je, mbinu hii imewahi kupimwa, au ni maneno ya vijiweni?

Imepimwa sana, hasa Marekani. Mwaka 1977 mtafiti Sanjoy Basu alichapisha uchunguzi wa hisa za soko la New York kuanzia 1957 hadi 1971. Alizipanga kwa makundi kulingana na uwiano wa bei na faida, akaona makundi ya vizidisho vidogo yalileta faida kubwa kuliko ya vizidisho vikubwa. Mwaka 1992 Eugene Fama na Kenneth French wakaonyesha kwamba hisa zenye bei ndogo ukilinganisha na mali iliyo vitabuni zilikuwa zimelipa zaidi kwa wastani. Wataalamu wanabishana hadi leo kuhusu sababu. Wengine husema ni malipo ya kubeba hatari ya ziada, wengine husema watu huchukia kupita kiasi kile kilichowaudhi jana. Mimi niko na kundi la pili, ingawa kampuni ya saruji ya ARM, nitakayoisimulia mbele, hunikumbusha kwamba la kwanza nalo lina hoja.

Mambo mawili hayatajwi vya kutosha. La kwanza, ushahidi huo ni wa makundi ya hisa nyingi, wala haukuahidi chochote kuhusu hisa moja uliyoichagua wewe. La pili, mbinu inaweza kulala kwa muda mrefu kuliko subira ya mtu: katika miaka ya 2010 hisa rahisi za Marekani ziliachwa mbali na zile ghali za teknolojia, mwaka baada ya mwaka, mpaka mameneja waliozishikilia wakakimbiwa na wateja.

Soko la Nairobi lina kampuni zipatazo 60, na nyingi hazinunuliwi wala kuuzwa kwa wingi. Usitarajie wastani wa New York ujitokeze katika hisa tatu ulizonazo.

Ilikuwaje benki zenye faida kubwa namna ile zikauzwa mara mbili tu ya faida?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo nivumilie.

KCB ilitangaza faida baada ya kodi ya shilingi bilioni 61.8 kwa mwaka 2024. Ina hisa zipatazo bilioni 3.2, hivyo ni karibu shilingi 19 kwa hisa. Mwisho wa mwaka huo hisa ilikuwa ikiuzwa takriban shilingi 40. Kizidisho ni mbili na kitu kidogo. Mtu aliyezoea kipimo cha Graham angedhani jedwali limekosewa.

Sababu zilikuwepo, tena za kweli. Mikopo isiyolipwa katika benki za Kenya ilipita asilimia 16 mwaka ule, na KCB ilikuwa juu ya wastani huo. Faida ya benki ni makadirio: ikiamua kwamba mkopo fulani utalipika, faida ni kubwa, ikikiri kwamba hautalipika, faida hupungua siku hiyo hiyo. KCB pia haikulipa gawio (sehemu ya faida wanayogawiwa wenye hisa) kwa mwaka 2023, na mwenye hisa wa hapa husamehe mengi isipokuwa hilo. Isitoshe, wageni walikuwa wakiuza. Shilingi ilivuka 160 kwa dola Januari 2024, na mfuko wa ng'ambo unaohesabu kwa dola hauangalii kizidisho wakati nyumba inawaka.

Kwa benki, usiishie kwenye P/E. Angalia bei kwa thamani ya mali halisi ya wenye hisa, kisha faida kama asilimia ya mtaji wao. Vitu hivi vitatu vimefungamana: zidisha P/E kwa asilimia ya faida juu ya mtaji, utapata uwiano wa bei na mali. Benki inayozalisha asilimia 25 ya mtaji wake na kuuzwa mara 2 ya faida inauzwa nusu ya mali yake. Soko linapokupa nusu bei kwa mtaji unaozalisha robo kila mwaka, linakwambia jambo moja kati ya mawili: mtaji huo si mzima kama ulivyoandikwa, au hakuna mnunuzi mjini. La kwanza lakimbie. La pili ndilo unalolisubiri. Kuyatofautisha, soma ukurasa wa mikopo isiyolipwa na akiba iliyotengwa kuifidia. Benki zetu huchapisha hesabu kila robo mwaka, kwa hiyo huna kisingizio.

Na ile thamani ya mali vitabuni, niiamini?

Kwa tahadhari. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, ina hisa zipatazo bilioni 6.6 na mtaji wa wenye hisa uliozidi bilioni 250, yaani zaidi ya shilingi 35 kwa hisa. Mwaka 2024 ungeweza kuinunua kwa shilingi 2 hadi 3. Mtu akiona hivyo mate humtoka. Lakini visima vya mvuke vya Olkaria na mabwawa ya Tana huwezi kuyauza sokoni. Thamani yake ni umeme yanaouza, bei ya umeme huo inasimamiwa, na serikali inamiliki asilimia 70. Mali ya shilingi 35 iliyozalisha faida ya shilingi moja hivi kwa mwaka haina thamani ya 35. Hata hivyo, kwa shilingi 2 na nusu, faida ya shilingi moja pekee ilitosha kukufanya usikilize, na kweli 2025 hisa ilipanda kupita 8. Walionunua kwa sababu ya 35 na walionunua kwa sababu ya 1 walipata pesa zile zile. Tofauti ni kwamba wa pili walijua wanachokifanya.

Kinyume chake kipo jirani, ukivuka Mtwapa. REA Vipingo, kampuni ya mkonge, ilikuwa imeandikishwa sokoni ikiwa na maelfu ya ekari kando ya barabara ya Malindi. Soko liliipima kama shamba la mkonge. Mwishoni mwa 2013 mwenye hisa mkuu alitaka kuwanunua wengine kwa shilingi 40. Centum, kampuni ya uwekezaji iliyokuwa ikiitazama ardhi ile kwa jicho la ujenzi, ikaingia ikipandisha, na mvutano ukaishia shilingi 85. Pale vitabu vilikuwa vimeidharau mali. Ardhi hugeuzwa kuwa pesa kirahisi kuliko bwawa la umeme. Hilo ndilo jambo la kuuliza kila uonapo uwiano wa mali ulio chini ya moja.

Kampuni mbili zina faida sawa lakini moja ina madeni. Nizilinganisheje?

Acha bei ya hisa peke yake, hesabu thamani ya biashara nzima: thamani ya hisa zote sokoni, jumlisha madeni, toa fedha taslimu. Kisha igawanye kwa faida ya uendeshaji kabla ya riba, kodi na uchakavu.

Tuchukue kampuni mbili za kubuni, kila moja ikiwa na faida ya uendeshaji ya bilioni 2. Ya kwanza inathaminiwa bilioni 8 sokoni, haina deni, ina bilioni 1 benki. Baada ya uchakavu na kodi inabaki na karibu bilioni 1.2, kwa hiyo P/E yake ni kama 6.7. Ya pili inathaminiwa bilioni 2 tu, lakini ina deni la bilioni 8 kwa riba ya asilimia 10. Baada ya riba, uchakavu na kodi inabaki na milioni 630, kwa hiyo P/E ni 3.2. Ukitazama P/E pekee, ya pili ni nusu bei. Ukihesabu biashara nzima, ya kwanza inauzwa mara 3.5 na ya pili mara 5. Ya pili ndiyo ghali! Na riba ikipanda hadi asilimia 15, faida ya ya pili huanguka hadi milioni 350, wakati ya kwanza haitikisiki.

Usitumie kipimo hiki kwa benki. Deni kwa benki ni bidhaa.

Nitajuaje kwamba huu ni mtego na si bei nzuri?

ARM Cement ilikuwa na kiwanda Kaloleni, si mbali na hapa. Mwaka 2014 hisa yake ilikuwa juu ya shilingi 80. Kampuni ilikopa sana kujenga Tanzania, ushindani wa saruji ukaumiza bei, hisa ikaanza kuteremka, na kila hatua ya kuteremka ilionekana rahisi kuliko ile ya kabla yake. Aliyelinganisha bei na mali iliyo vitabuni alikuwa akiona punguzo likizidi kunona. Agosti 2018 iliwekwa chini ya wasimamizi, hisa zikasimamishwa zikiwa shilingi 5 na senti. Mali za Kenya zilikuja kununuliwa na National Cement kwa dola milioni 50, na wadai ndio waliosimama mstari wa mbele. Deni lina haki ya kwanza, nawe mwenye hisa unapata makombo kama yapo.

Mtego wa aina ya pili ni wa muda. Umeme ya Uganda, iliyokuwa imeorodheshwa pia Nairobi, kwa miaka ilionyesha kizidisho kidogo na gawio nono. Mkataba wake wa kusambaza umeme ulikuwa wa miaka 20 tangu 2005, na uliisha tarehe 31 Machi 2025. Hiyo ilikuwa nyumba bila ardhi kabisa. Gawio nono lilikuwa sehemu ya mtaji wako ukirudishiwa kidogo kidogo. Kununua haikuwa dhambi, mradi umehesabu miaka iliyobaki na fidia ya mwisho, na kujua kwamba fidia yenyewe inaweza kubishaniwa.

Dalili nyingine iko kwenye sheria: kampuni iliyoorodheshwa ikitarajia faida kushuka kwa asilimia 25 au zaidi ni lazima itoe onyo hadharani. P/E unayoiona kwenye jedwali baada ya onyo kama hilo imekokotolewa kwa faida ya mwaka ambao umeshapita. Ifute, anza upya.

Nitumie faida ya mwaka gani?

Kwa biashara tulivu, ya miezi 12 iliyopita. Kwa saruji, chai, sukari na chochote kinachopanda na kushuka kwa misimu, wastani wa miaka mitano hadi kumi. Robert Shiller alipopima soko zima la Marekani alitumia wastani wa miaka 10 baada ya kuondoa mfumuko wa bei, kwa sababu hiyo hiyo. Kampuni ya chai huonekana rahisi kupindukia mwaka ambao bei ya mnada iko kileleni. Na mnada wa chai uko papa hapa Mombasa, tangu 1969, kwa hiyo sisi tuna bahati ya kusikia habari hizo kabla ya wengine.

Halafu ondoa faida za mara moja. Kampuni ikiuza jengo na faida yake ikaruka, jengo hilo halitauzwa tena mwakani.

Gawio linaingia wapi?

Linaingia mapema kuliko watu wanavyodhani. Katika soko ambalo kizidisho kinaweza kubaki chini kwa miaka mitano, gawio ndilo mshahara wa kusubiri. Safaricom ililipa shilingi 1.20 kwa hisa. Kwa aliyenunua kwa 12 hiyo ni asilimia 10, kwa aliyenunua kwa 28 ni kama asilimia 4. Kodi ya gawio kwa mkazi wa Kenya ni asilimia 5, hukatwa kabla hujaipata na habari huishia hapo. Faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa Nairobi haitozwi kodi ya faida ya mtaji (capital gains tax).

Mimi ni Muislamu. Nusu ya hisa rahisi ni benki za riba. Nifanyeje?

Ni kweli, na hilo linapunguza uwanja wako sana: benki za kawaida, bima za kawaida, tumbaku na pombe zote zinatoka. Kwa zinazobaki, viwango vya AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayofuatwa na wengi katika fedha za Kiislamu, vinataka madeni ya riba yasizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato yasiyo halali yasizidi asilimia 5 ya mapato yote. Sehemu hiyo ya mapato yasiyo halali mwenye hisa huitoa sadaka bila kutarajia thawabu.

Kuna jambo moja ambalo anayetumia vizidisho lazima alifikirie. Kipimo cha deni kinagawanywa kwa thamani ya sokoni. Bei ikianguka nusu, deni lile lile linakuwa asilimia mara mbili. Hisa iliyokuwa na asilimia 20 inafika 40 bila kampuni kukopa hata senti, na inatoka kwenye orodha wakati ule ule inapoanza kuwa rahisi. Kwa hiyo Muislamu anayefuata mbinu hii huishia kwenye kampuni zisizo na deni au zenye deni dogo sana. Kusema kweli, hata asiye Muislamu angefaidika kubanwa hivyo. Mambo ya fatwa muulize shekhe wako na umpelekee mizania (hesabu ya mali na madeni), si jina la kampuni tu.

Kuna kampuni za Mombasa za kununua? Bandari je?

Mamlaka ya Bandari ni shirika la serikali, haimo sokoni. Serena, inayomiliki hoteli ya Shanzu, imo kupitia TPS Eastern Africa, na ni mfano mzuri wa kampuni ambayo wastani wa miaka mingi ndio unaosema ukweli, kwa sababu mwaka mmoja wa utalii kuharibika hufanya P/E isiwe na maana yoyote. Bamburi, kampuni ya saruji, ilinunuliwa na Amsons ya Tanzania mwaka 2024 kwa shilingi 65 kwa hisa, wakati bei kabla ya tangazo ilikuwa karibu 45. Mnunuzi wa kiwanda kizima hupiga hesabu yake ya vizidisho, na mara nyingi hulipa zaidi ya soko, kwa kuwa yeye anapata funguo za mlango.

Naanzaje, na kwa kiasi gani?

Fungua akaunti ya CDS (ya kuhifadhi hisa zako kielektroniki) kupitia dalali mwenye leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Hakikisha jina lake kwenye orodha ya mamlaka hiyo yenyewe. Tangu Agosti 2025 unaweza kununua hata hisa moja. Zamani ilibidi 100. Gharama za dalali na tozo nyinginezo zinaweza kukaribia asilimia 2 unaponunua na vivyo hivyo unapouza, kwa hiyo anayebadilisha hisa zake zote kila mwaka anaanza na pengo la karibu asilimia 4. Nunua kampuni sita hadi kumi za sekta tofauti ukiweza. Weka agizo lenye bei maalumu. Kwenye hisa zisizouzwa kwa wingi, agizo lisilo na bei linaweza kukuletea bei ya aibu.

Pesa ya ada ya shule ya Januari usiilete huku.

Niuze lini?

Mambo matatu. Kizidisho kimepanda hadi mahali ambapo usingenunua kampuni hiyo leo. Au sababu uliyoiandika wakati wa kununua imekufa (ndiyo, iandike, mistari miwili inatosha). Au umepata nyingine iliyo rahisi zaidi kwa kiasi kinachozidi gharama za kuhama. Kushuka kwa bei peke yake hakumo kwenye orodha, wala kupanda kwa asilimia 20.

Kuna kundi la WhatsApp linatoa majina ya hisa kila asubuhi.

Ondoka.

Nikague hesabu mara ngapi?

Soko hufunguliwa saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na hakuna kinachokulazimu kulitazama. Kampuni nyingi hufunga mwaka Desemba na kutangaza matokeo kufikia Machi au Aprili. Za nusu mwaka huja Agosti. Safaricom hutangaza Mei na Novemba. KenGen na Kenya Power hufunga Juni, matokeo huja kuanzia Septemba hadi Oktoba. Kaa siku moja baada ya kila msimu huo na daftari, andika upya bei, faida, mali, deni na gawio kwa kila kampuni uliyonayo na tano usizonazo. Ripoti kamili ziko bure kwenye tovuti za kampuni. Anza na maelezo ya madeni, ambayo kwa kawaida yamewekwa nyuma kabisa, baada ya picha za wakurugenzi.